Sauti ya Muulizaji

"Kamwene, mtumwa wangu," alisalimia Longinus Ngonyani kwa Kihehe mlango ulipofunguka.

Mtu aliyeingia alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii, na kofia yake ameikamata kwa mikono miwili kama sahani inayoweza kumwagika. Alikuwa na hofu usoni. Kisha akasoma kibao cha jina kilichokuwa juu ya meza, na hofu yote ikamtoka.

"Ngonyani! Yaani serikali imeishiwa watu mpaka imeokota Mngoni?"

"Imeokota Mngoni kwa sababu Wahehe wote wako porini wanatafuta mbwa wa kitoweo. Kaa chini, Galus Kikoti."

"Nakaa kwa sababu hii ni nchi ya babu yangu. Wewe ndiye ungesimama."

Wakacheka wote wawili. Longinus alikuwa amehamishiwa Iringa kutoka Songea miezi michache tu kabla, na mambo mengi ya mji huu yalikuwa hayajamkaa. Lakini hili halikuhitaji kuzoea. Mngoni na Mhehe walipigana zamani mpaka wakachoka, na tangu wachoke wakawa watani. Mtani humtukana mwenzake mchana kweupe, humnyang'anya kofia, na siku ya msiba huja kuwachekesha wenye kulia. Mtu asiyetaniwa na mtani wake hujiuliza amekosa nini.

Katikati ya meza kilikuwa kisahani cheusi, ukubwa wa kifuniko cha sufuria ya chai. Hiyo ndiyo Mizani. Kila mtu aliyetaka kulea mtoto asiyemzaa alilazimika kuketi mbele yake na kujibu maswali. Galus alikuwa fundi wa nyavu za ukungu, zile zinazotega maji ya kunywa juu ya milima ya Kilolo. Dada yake alikuwa amefariki, ameacha binti wa miaka sita, Wende, na mtoto huyo sasa alikuwa akilala katika Nyumba ya Malezi pamoja na watoto asiowajua. Galus hakuwa na mke wala mtoto. Alimtaka Wende.

Longinus akabonyeza kisahani. Taa ndogo nyeupe ikawaka.

"Ulipomzika dada yako, ulisikia nini moyoni?"

"Nilisikia njaa," alisema Galus. "Wangoni walifika kabla ya jeneza wakamaliza wali."

Longinus aliziba mdomo kwa kiganja. "Mtoto akilia usiku akimtaka mama yake, utafanya nini?"

"Nitamwambia Mngoni anapita nje na gunia. Atanyamaza."

"Na kwa nini unamtaka mtoto huyu?"

"Nimnenepeshe, nimwoze kwa mwanao mjinga, nichukue ng'ombe wako wote. Mtakapokwisha kabila zima, nitamrudisha nyumbani."

Longinus alicheka mpaka machozi yakamtoka. Katika kicheko kile aliona vizuri mikono ya Galus, jinsi ilivyokuwa ikiipapasa kofia, ikipita ukingoni pole pole, kama mtu anayepapasa kichwa cha mtoto. Alijua mtu huyu amevunjika na anamtaka yule binti kama mwenye kiu anavyotaka maji. Hakuhitaji chombo kumwambia.

Taa ya Mizani ikageuka nyekundu.

"Nyekundu ndiyo nzuri?" aliuliza Galus, bado anatabasamu.

*

Mizani haikuwa chombo cha kijinga. Ilipima mengi kuliko maneno: kituo kati ya swali na jibu, kimo cha pumzi, mtetemo wa koo ambao mtu mwenyewe hausikii. Ilimsikia mtu mmoja tu, yule anayeulizwa. Sauti ya muulizaji iliondolewa kabla hukumu haijaanza, ili asimpendelee wala kumwonea mtu kwa namna anavyouliza. Longinus aliwahi kuwaeleza wanafunzi jambo hilo kwa fahari.

Fahari yenyewe ilikuwa na historia. Zamani, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mtaalamu mmoja wa Kizungu aitwaye Pellow alizunguka nyanda za juu na mashine ya utepe akiwauliza watu kuhusu mama zao, ndoto zao na wafu wao. Akarudi kwao, akaandika kitabu kizito kinachosema kwamba watu wa huku wana mioyo mikavu, hawajui kuhuzunika kama watu wazima. Kitabu hicho kilisomwa vyuoni kwa muda mrefu. Mahakimu walikitumia, na wamishenari, hata walimu wa kwetu wenyewe.

Kisha kizazi cha Longinus kikasema basi. Wakakitupa kitabu cha Pellow, wakabaki na tepe zake. Walijiambia kwamba zile ni sauti za babu zetu, na sauti haina rangi ya aliyeirekodi. Wakailisha Mizani sauti hizo, maelfu ya saa, ijifunze nafsi zetu kutoka kwetu. Siku ya uzinduzi watu walilia kwa furaha, na Longinus, kijana wakati ule, alikuwa mmoja wao.

Alasiri hiyo, Galus alipokwisha kuondoka na kofia yake, Longinus alikiambia kisahani kimwonyeshe sauti ya kale iliyokaribiana zaidi na ya fundi yule.

Chumba kikajaa sauti ya mzee aliyekufa zamani sana. Mzee alisema, kwa Kiswahili cha taratibu: "Ndugu yangu alipokufa nilifurahi, nikapata shuka lake." Akacheka. "Watoto wake niliwauza." Akacheka tena.

Sauti hiyo ilikuwa moja katika fungu kubwa, na karibu zote zilitoka Uhehe. Mizani ilikuwa imezikusanya yenyewe mahali pamoja, bila kuambiwa, kwa kuwa zilifanana. Lakini fungu lazima lipewe jina, na waliolipa jina, kwa kukosa neno lingine karibu, walilitoa katika kile kitabu walichokitupa. Waliliita ukavu wa moyo.

Longinus alikaa akiutazama mwanga mwekundu. Kisha akafanya jambo ambalo mpimaji hafanyi. Aliomba utepe wenyewe, kabla haujakatwa.

Kwanza zikasikika kelele za kuku. Pellow akasema jambo kwa lugha yake, kwa upole, mbali na kinasa. Halafu mtu wa tatu akasema karibu kabisa, kwa Kiswahili, na nywele za mikono ya Longinus zikasimama. Ilikuwa sauti ya mkalimani. Ilikuwa na mwendo ule ule wa baba yake Longinus, ile lafudhi ya Songea isiyofichika hata mtu aishi ughaibuni miaka arobaini.

"Haya, mtumwa wangu," alisema mkalimani, "Mzungu anauliza, ndugu yako alipokufa ulisikia nini? Sema kweli, maana sisi Wangoni tunajua ulisikia harufu ya nyama."

Pakawa na kicheko cha watu wengi, wanawake na watoto, kijiji kizima kimezunguka. Ndipo mzee akajibu: "Nilifurahi, nikapata shuka lake."

Longinus akasikiliza utepe mwingine, na mwingine. Pellow alikuwa ameajiri mkalimani mmoja kwa Uhehe yote, kijana mwerevu aliyesoma misheni, Mngoni. Hakuna aliyemwambia Mzungu kwamba mtu huyo hawezi kumwuliza Mhehe swali akajibiwa pasipo mzaha. Labda wote walidhani anajua. Labda waliona raha kumwona akiandika.

Na Longinus mwenyewe, aliyejua yote hayo tangu tumboni, asubuhi ile alikuwa amerudia kazi ya yule mkalimani neno kwa neno.

*

"Nimekusikia, Mzee Longinus," alisema Daktari Saada Mndeme, mkuu wa kituo. "Naomba na wewe unisikie."

Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mvi fupi, mmoja wa wale walioijenga Mizani. Alikuwa ameusikiliza utepe hadi mwisho bila kupepesa. Dirishani nyuma yake, watoto wa Nyumba ya Malezi walikuwa wakicheza rede.

"Wahehe hufeli kuliko wengine," alisema. "Hilo tunalijua miaka yote. Tulisema ni umaskini, tukasema ni pombe. Hatukusema ni sisi."

"Sasa tunaweza kusema, Daktari."

"Tunaweza. Ukiandika pingamizi, sheria inasimamisha kila kitu. Kila mtoto anabaki pale alipo mpaka uchunguzi uishe. Huyo binti wa fundi wako atabaki hapo uwanjani. Uchunguzi wa mwisho wa namna hii ulimkuta mtoto anajifunza kutambaa, ukamwacha anasoma. Na kuna kampuni za nje zimekaa mlangoni zinasubiri tukiri kosa moja tu. Zitaleta mizani zao. Unafikiri zimefundishwa na sauti za nani?"

"Kwa hiyo tukae kimya?"

"Sikusema hivyo. Nakuambia bei yake, na kwamba atakayeilipa siyo wewe." Akasogeza kiti. "Kikoti ana haki ya kupimwa mara ya pili. Lazima na mpimaji yule yule, ili sauti zilinganishwe. Akifaulu, atamchukua mtoto siku hiyo hiyo, na atavaa sikio dogo la kumsikiliza nyumbani kwa miaka miwili, kama wote wanaofaulu mara ya pili. Mwambie tu ajibu vizuri."

"Vizuri maana yake nini?"

Daktari alitazama watoto nje. "Unajua maana yake," alisema.

*

Nyumba ya Galus ilikuwa juu kabisa, ambapo nyavu zake zilisimama mstari kwa mstari zikichuruzika maji ndani ya mapipa. Alimkaribisha Longinus kwa togwa, akamtukana kwanza kwa kupanda mlima akihema kama mbuzi wa kuuzwa. Kando ya mlango vilikuwapo viatu viwili vya mtoto, vipya, bado vimefungwa kwa uzi kama vilivyotoka dukani.

Longinus alimweleza yote, tangu utepe mpaka pingamizi. Hakumficha kitu. Galus alisikiliza akiziba tundu la wavu kwa sindano.

"Ukiandika hiyo karatasi," alisema hatimaye, "wengine watasaidika?"

"Wengi. Baadaye."

"Na Wende?"

"Atasubiri pamoja nao. Miaka, pengine."

"Nilimwona juzi. Wanaruhusu tuonane dirishani." Galus alikata uzi kwa meno. "Aliniuliza kama na mimi nimekufa. Nipe mtoto wangu, Mngoni. Hayo mengine mtayamaliza ninyi wasomi."

Basi wakaanza kufanya mazoezi ya maswali. Kila alipofika kwenye swali la kwanza Galus alijibu kwa mzaha, bila kukusudia, kama mtu anayepepesa jicho akitupiwa mchanga. Mara mbili walicheka wote wakaanza upya. Ndipo Longinus akaelewa kwamba hatafaulu kwa njia hiyo. Hata kama ataulizwa kwa upole, Mhehe huyu ataona uso wa mtani wake na ulimi utateleza. Ilibidi aondolewe utani wenyewe.

"Nitakutania," alisema Longinus. "Nitakutania kwa kila nilicho nacho. Wewe usinijibu. Kila nitakachosema, sema tu, 'Nina huzuni, mzee.'"

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mhehe, babu yako alimwona babu yangu akapanda mti, akashuka amekwisha kuzeeka."

Mdomo wa Galus ukacheza. "Nina huzuni, mzee."

"Shati lako hilo jeupe ulimvua maiti gani?"

"Nina huzuni, mzee."

"Nasikia ukimwita mbwa, anaandika wosia kabla hajaja."

Hilo lilikuwa zuri. Longinus mwenyewe alilisikia lilivyokuwa zuri. Marehemu baba yake angelipiga paja. Macho ya Galus yaling'aa, kifua kikapanda, na jibu likaonekana kabisa likija, tamu na baya, mpaka kwenye meno. Akatazama vile viatu. Akalimeza.

"Nina huzuni, mzee."

Longinus aliendelea. Alitoa ya baba yake, akatoa ya babu yake, akatoa hata zile zinazosemwa makaburini tu. Galus alijibu lile lile, kila mara kwa sauti iliyo chini zaidi, mpaka uso wake ukatulia kama maji ya pipa. Mwishoni Longinus hakuona tena kama anataniana na mtu. Aliona kama anamtukana mtu asiyemjua aliyemkaribisha kwake.

"Umeweza," alisema.

"Nina huzuni, mzee," alisema Galus. Longinus alisubiri acheke. Hakucheka.

*

Taa ikawa ya kijani. Wende aliletwa akiwa na mfuko wa nguo, akasimama akimwangalia mjomba wake kwa mashaka, kisha akamkimbilia na kumkamata mguu. Galus alimfunga viatu vipya. Msichana wa kituo alimbandika Galus sikio dogo kwenye ukosi wa shati, kitu kisichozidi kifungo, akamweleza kwamba litasikia nyumbani kwake mchana na usiku ili kuhakikisha moyo wake haurudi nyuma.

Longinus alikuwa amejiahidi kwamba mtoto akishaondoka ataandika pingamizi. Alikaa chini siku hiyo hiyo. Ndipo akaona. Mfano wake mkuu ulikuwa Galus, na Galus sasa alikuwa amefaulu. Mizani ilikuwa imeshajifunza kwake: mwenye ukavu wa moyo, akifundishwa, hupona. Ili kuthibitisha uongo wa hukumu ya kwanza, Longinus angelazimika kueleza jinsi ile ya pili ilivyopatikana kwa kufundishana majibu. Wangemfuata Galus kilimani wamchukue Wende, viatu na vyote.

Alikaa mpaka wafagiaji wakaja. Hakuandika.

Nyumbani, mama yake, Bibi Kresensia, alimwuliza kuhusu fundi yule. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, lakini kila jioni alitaka kusimuliwa Wahehe wamesema nini. "Amepata mtoto?"

"Amepata, mama."

"Amekutukana?"

"Hapana."

Bibi aligeuza uso upande wa sauti ya mwanawe. "Anaumwa?"

Baada ya hapo watu wa Iringa walianza kujua. Neno lilitembea mitaani kwa haraka kuliko tangazo: ukienda kituoni, usimtanie Mngoni yule, jibu kwa huzuni. Wakaja mmoja mmoja, wamenyooka, nyuso zimefungwa. Kijani, kijani, kijani. Daktari Mndeme alimpongeza mbele ya wote kwa jinsi mkoa ulivyobadilika. Sokoni Longinus alimsalimia muuza viazi, "Kamwene, mtumwa wangu," na yule mama akatazama kwanza ukosi wake, kisha ukosi wa Longinus, akajibu, "Shikamoo, mzee."

*

Bibi Kresensia alifariki wakati wa baridi. Alikuwa ameagiza azikwe hapo hapo Iringa, siyo Songea, na sababu alikuwa ameieleza mara nyingi. Alitaka kuzikwa na Wahehe. Alisema kule kwao watalia tu, lakini huku mtani ataingia kaburini alale, akatae kutoka mpaka apewe jogoo, na yeye atasikia ubishi ule akiwa ndani ya sanduku na ataondoka bila upweke. "Mkiniletea Wahehe wanyonge," alikuwa akisema, "nitaamka niwafukuze."

Walikuja wengi. Longinus aliwaona wakipanda njia ya makaburini wamevaa nguo safi. Jogoo alikuwa tayari, amefungwa miguu chini ya mti wa mkaratusi. Galus alikuwa mbele, amemshika Wende mkono. Mtoto alikuwa amenenepa. Sikio dogo lilikuwa bado kwenye ukosi wa mjomba wake, na Longinus aliona mengine kama hilo kwenye kosi nyingine, hapa na pale, kama vifungo vya sare.

"Pole sana, mzee," alisema Galus. "Tumeupokea msiba huu kwa masikitiko makubwa. Mama alikuwa nguzo."

"Asante," alisema Longinus. Akajaribu. "Mhehe. Umekuja kuzika au umefuata wali?"

Watu waliokuwa karibu wakatazama chini. Wende akainua uso, akamtazama huyu mzee mwenye macho mekundu, na kicheko kikamtoka, kidogo, cha kushtukiza, kicheko cha mtoto aliyesikia kitu kitamu. Mara kiganja cha Galus kikamfunika mdomo. Kilikuwa kiganja cha upole. Kikabaki hapo.

"Tuko pamoja nawe, mzee," alisema Galus, akiinama kidogo ili sauti yake ifike vizuri ukosini.

Jeneza likawekwa kando ya kaburi. Padri akamaliza. Vijana wakashika kamba, kisha wakasita, kwa sababu Longinus alikuwa amenyoosha mkono.

"Ngojeni kidogo."

Wakangoja. Kaburi lilikuwa wazi, limechongwa vizuri, na hakuna aliyelala ndani yake. Upepo ulipita kwenye mkaratusi. Jogoo alijipigapiga ardhini akanyamaza. Longinus aliwatazama Wahehe, safu kwa safu, wamesimama kwa adabu kubwa, kila mmoja na uso ambao yeye mwenyewe aliwafundisha.

"Mzee," aliuliza kijana mmoja mwenye kamba, kwa sauti ya chini, "tunamngoja nani?"

Longinus alishusha mkono.